Wagonjwa wa presha wakijisikia nafuu wanaacha dawa, mnawasaidiaje waendelee?

Nesi_wa_Bonde

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni nesi kituo cha afya huku mkoa wa Tanga, kila Jumatano tuna kliniki ya presha na sukari. Nimekuja na jambo linaloninyima usingizi, naomba wenye presha wenyewe, mnaouguza wazazi, watu wa famasi, madaktari, yeyote mwenye uzoefu anipe mawazo.

Kuwapata wagonjwa sio kazi. Weka meza na mashine ya presha siku ya gulio, hadi saa sita mchana una daftari limejaa. Kazi ni kubaki nao. Mtu anaanza dawa, mwezi wa kwanza anakuja, wa pili anakuja presha imeshuka 130/80 tunafurahi wote, wa tatu humuoni. Halafu siku unakuja kumuona tena ameshikiliwa na watu wawili kwenye bajaji, mkono mmoja hauna nguvu, mdomo umeenda upande, na ndugu wanakwambia alikuwa mzima kabisa nesi, dawa alishaachaga kitambo maana alipona.

Elimu tunatoa. Kila Jumatano kabla ya kupima nasimama mbele ya mabenchi naongea, presha haiponi inadhibitiwa tu, dawa ni kila siku, punguza chumvi, wanaitikia wote ndiyo nesi. Ila kuitikia na kumeza ni vitu viwili.

Ngoja niwape mfano mmoja muone ninachokutana nacho. Kuna bibi nilimwambia Jumatano ukija njoo na dawa zote ulizonazo nyumbani. Akaja, akafungua fundo la khanga mezani kwangu. Kulikuwa na karatasi mbili za dawa ya presha ya amlodipini za kwetu, karatasi nyingine ya amlodipini ileile ya duka la dawa ila ina jina la kampuni nyingine na vidonge vya rangi tofauti, na losatani iliyokatwa katikati kwa mkasi, nusu kampa jirani yake nae ana presha. Kumbe asubuhi alikuwa anameza zile amlodipini mbili akijua ni dawa mbili tofauti, miguu ikivimba anaacha zote siku kadhaa, ikinywea anaanza tena. Siku hiyo presha ilikuwa 178/104 na asubuhi hajameza kitu, namuuliza kwanini bibi, ananijibu "si nimekuja kupimwa mwanangu, nikimeza si mtaipima dawa badala ya kunipima mimi". Na kweli ukimsikiliza ana hoja, ndivyo anavyoelewa na hakuna aliyewahi kumwambia tofauti.

Sasa huyo anaonekana kwenye faili kama mgonjwa mzuri, kliniki hakosi! Je wale wasiokuja?

Najua sio sisi tu. Takwimu za WHO za 2023 zinasema duniani ni kama mtu mmoja tu kati ya watano wenye presha ambaye imedhibitiwa. Ila hiyo hainisaidii mimi na watu wangu wa hapa. Nyie mnafanyaje? Nini kilikufanya wewe au mzazi wako aendelee na dawa miaka yote? Na kama aliacha, aliacha kwa sababu gani hasa, ile sababu ambayo nesi hakuambiwa?

---

Kipanga_Tabata

Nesi hongera kwa moyo huo. Kwa haraka haraka, fungueni grupu la WhatsApp la kliniki, kila asubuhi mtu anatuma meseji ya kukumbusha watu wameze, na kila mtu aweke alamu kwenye simu. Dawa nyingi watu wanasahau tu.

---

Masafa_Marefu

Nesi umeuliza sababu ambazo nesi haambiwi, ntakwambia kama mwenye presha na kama dereva wa lori, njia yangu ni Dar Tunduma miaka mingi.

Mimi niligundulika 2016 kwenye kupima afya ya leseni, 170 na kitu juu ya 100 na kitu, na sikuwa naumwa popote. Nikapewa dawa, mojawapo ni ile ya mkojo. Sasa we fikiria una tani thelathini nyuma unapanda Kitonga, foleni ya malori mbele na nyuma, utasimama wapi kila baada ya muda ukajisaidie? Pale hakuna pa kuegesha. Madereva wenzangu wengi wana presha na karibu wote wanafanya hivihivi, wakiwa safari hawamezi, wakirudi nyumbani wanameza. Yani dawa ya presha inakuwa dawa ya likizo! Na safari ndio mwezi mzima. Ukimuuliza kliniki anakwambia nameza kila siku daktari, kwa sababu akisema ukweli atafokewa mbele ya watu.

Mimi nilibahatika daktari aliyenifungia mlango akaniuliza kazi yako ikoje, unaamka saa ngapi, unalala wapi, unakula nini njiani. Nikamwambia ukweli wote. Akaitoa ile ya mkojo akanipa losatani na amlodipini, naweza kumeza saa kumi na mbili asubuhi kabla sijawasha gari na siku nzima hainisumbui. Tangu hapo sijaacha. Nina mashine yangu ndogo kwenye kabini napima nikiwa nimeegesha, nimetulia.

La pili ni la wanaume na naliandika wazi kwa sababu humu hatujuani sura. Wanaume wanaacha dawa kwa sababu ya nguvu za kiume. Akiona chumbani mambo hayaendi, mtuhumiwa wa kwanza ni kidonge. Inaweza kuwa ni kidonge kweli, inaweza kuwa ni presha yenyewe, inaweza kuwa ni sukari, hilo mtajua nyie wataalamu, ila yeye hatasubiri kujua, anatupa dawa. Na hawezi kukwambia dada nesi wewe mwenye umri wa binti yake, dirishani, kuna watu ishirini wameegemea ukuta wanasikiliza. Mtafutieni nesi wa kiume au daktari amuulize mlango umefungwa, na aulizwe yeye kwanza, asisubiriwe aseme. Akisubiriwa hatasema mpaka kiharusi.

---

Nesi_wa_Bonde

@Kipanga_Tabata asante, ila wazee wangu wengi wana vitochi, WhatsApp hawana, na wengine simu ni ya mjukuu. Halafu sidhani kama kusahau ndio kubwa. Yule bibi wa khanga hajasahau kitu, anajua dawa zake zote kwa rangi.

@Masafa_Marefu ubarikiwe kaka. Hilo la kuuliza kazi ya mtu kabla ya kumpa dawa ya mkojo nimelichukua. Tuna mama mmoja anauza samaki sokoni aliwahi kuniambia choo ni cha kulipia na kipo mbali, akienda meza inabaki peke yake. Nilidhani analalamikia soko tu.

---

Famasi_Moro

Mimi nipo upande wa pili wa kaunta, Morogoro. Kwa wagonjwa tunaona vitu ambavyo hospitali hawavioni kwa sababu kwetu mtu anakuja na hela yake na anasema anachotaka.

Kwanza, watu hawanunui dozi ya mwezi, wananunua kwa hela iliyopo mfukoni. "Nipe tano". Tano zikiisha kama biashara imelala anakaa bila, anarudi wiki ijayo akiwa na hela. Kwahiyo ukimuuliza unatumia dawa anakujibu natumia, na hadanganyi. Dawa zenyewe kama amlodipini au ile ya mkojo sio ghali kwa kidonge kimoja, shida ni kwamba ni kila siku ya maisha na hela ya kila siku ya maisha haipo kwenye bajeti ya nyumba. Ninachofanya nikimjua mteja ni wa presha namshauri aitoe hela ya dawa siku ileile anapopata hela kubwa, mkulima akiuza mahindi, mstaafu akipokea pensheni, anunue ya miezi miwili mitatu akae nayo. Angalia tu tarehe ya kuisha muda na aiweke pakavu, sio juu ya friji wala dirishani kwenye jua.

Pili ni hilo la majina. Kidonge kilekile kinatengenezwa na kampuni nyingi, mwezi huu cheupe cha duara mwezi ujao cha njano kirefu, na hakuna anayemwambia mgonjwa. Wapo wanaoacha wakidhani wamepewa dawa siyo, wapo wanaomeza zote mbili kama bibi yako. Mimi natumia makapeni, kwenye boksi naandika PRESHA kwa herufi kubwa na nachora jua kama ni ya asubuhi au mwezi kama ni ya usiku, basi, hata asiyejua kusoma anaelewa. Na nikibadilisha kampuni namfungulia mbele yake vidonge vyote viwili namuonyesha hiki ndio kile. Inachukua dakika moja tu.

Tatu, na hili nesi naomba ulisimamie kweli kweli, waulize dawa za maumivu. Wazee wetu wana magoti na viuno, wanaishi kwa diklofenaki. Mtu anameza dawa ya presha asubuhi na diklofenaki mara tatu, presha itashukaje? Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni pia, zinapandisha presha na zinaumiza figo, na zinapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Mgonjwa anaona dawa ya presha haifanyi kazi anaiacha, na ile ya goti anaendelea nayo kwa sababu ile anaisikia. Mbadilishie aende kwenye parasetamo, na ukiandika kwenye kadi andika na hilo la asinunue diklofenaki, akija kwetu tutaliona.

---

Mti_Dawa

Poleni na kazi wataalamu ila mnawatisha watu. Mjomba wangu alikuwa na presha 180, alikunywa maji ya kitunguu saumu na juisi ya rosela asubuhi na jioni, sasa hivi yuko sawa na vidonge aliacha. Vidonge ukianza huachi na mwisho wake ni figo, mtaani kwetu wote wanaosafishwa damu walikuwa wanatumia dawa za presha. Asili ipo kabla ya hospitali.

---

Dkt_Mzee_wa_Wodi

Nesi samahani nimechelewa nilikuwa zamu. Nianze na ndugu yangu Mti_Dawa kwa heshima kabisa kwa sababu anachosema ndicho wanachoamini wagonjwa wengi wa nesi, na tukikidharau hawatatusikiliza.

Rosela na kitunguu saumu vinaweza kushusha presha kidogo, hilo sikatai, anywe juisi yake bila kumwaga sukari ndani. Ila mtu wa 180 havimfikishi chini ya 140/90 akakaa huko mwaka mzima. Hilo la figo limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Presha yenyewe ndiyo inayoharibu figo, taratibu, miaka mingi bila maumivu. Wanaosafishwa damu umewaona walikuwa wanatumia dawa za presha, ni kweli, kwa sababu walikuwa na presha! Wengi wao walianza dawa wakati figo zimeshaharibika au walikuwa wanaanza na kuacha. Muombe mjomba aende akapimwe leo, asiende kwa sababu anaumwa, aende kwa sababu haumwi. Akikutwa yuko chini ya 140/90 bila dawa tutafurahi wote, akikutwa juu atakuwa amewahi.

Kuhusu "ukianza huachi". Mgonjwa akisema hivyo usimbishie, mjibu kwamba ni kweli kwa wengi dawa ni ya kuendelea nayo, kama miwani, ukiivua macho yanarudi vilevile. Anayepungua uzito, akapunguza chumvi na pombe, akatembea, huyo tunaweza kumpunguzia vidonge, lakini tunampunguzia sisi tukiwa tunampima. Zipo dawa za presha, atenolo mojawapo, ukiikata ghafla moyo unaweza kukusumbua vibaya, hasa kama una ugonjwa wa moyo. Kwahiyo hata wa kuacha aache kwa utaratibu.

Sasa nesi nije kwenye swali lako. Nilivyozeeka kwenye kazi hii naona tunatumia muda mwingi sana kuongea na muda mdogo sana kuuliza. Yale mahubiri ya asubuhi kwenye benchi yana faida yake ila hayamwambii mtu mmoja chochote kuhusu yeye. Swali "unameza dawa vizuri?" lifute kabisa, jibu lake siku zote ni ndiyo. Uliza hivi: "watu wengi dawa hizi zinawapita siku mojamoja, wiki hii iliyopita zimekupita siku ngapi?" Hapo umeshampa ruhusa ya kusema ukweli. Akisema tatu, usifoke, hata uso usiukunje. Uliza siku hizo kulikuwa na nini. Na usiongeze dozi kabla ya kuuliza hivyo. Kuna watu wanapewa kidonge cha tatu na cha nne wakati cha kwanza hawajawahi kukimeza wiki nzima mfululizo.

Miguu kuvimba kwa amlodipini ni jambo la kawaida hasa kwenye miligramu 10. Ukirudi 5 na kuongeza losatani mara nyingi inapungua na presha inashuka vizuri. Ila miguu ikivimba na mtu anahema akilala, huyo mlete kwa daktari, hiyo sio habari ya kidonge. Kikohozi kikavu kinachokwaruza usiku kwa anayetumia kaptoprili au enalaprili, usimpe dawa ya kikohozi, mbadilishie losatani. Yote haya mgonjwa asipoulizwa anajitibu mwenyewe kwa kuacha. Kitu kimoja usisahau, kina mama wa umri wa kuzaa, ukimpa losatani au kaptoprili muulize kuhusu ujauzito na umwambie akikosa siku zake arudi haraka, hizo hazifai kwa mimba, tuna methildopa na nyingine.

Na mkiweza kupata vidonge viwili ndani ya kimoja, ombeni. WHO waliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2019, na mwaka huohuo ulitoka utafiti mmoja mkubwa uliofanyika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, walioanzishiwa mchanganyiko wenye amlodipini presha zao zilishuka vizuri kuliko waliopewa perindoprili na dawa ya mkojo. Mzee akimeza kidonge kimoja asubuhi kazi imekwisha, ukimpa vinne vya saa tofauti umempa kazi ya ofisini.

La bibi wa khanga kuja bila kumeza, hilo liandikeni ukutani: SIKU YA KLINIKI MEZA DAWA ZAKO KAMA KAWAIDA. Sababu wengi wanachanganya na kipimo cha sukari cha kufunga. Na mpimeni akiwa amekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini haijakunjwa, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, haongei, na ameshatoka chooni. Mtu ametembea kilomita kadhaa juani unamfunga mkanda hapohapo unapata 170 yako unaongeza dozi, kesho kutwa anaanguka kwa kizunguzungu na dawa anazichukia maisha.

---

Binti_wa_Same

Mimi naandika kama mtoto. Mama yuko Same kijijini mimi niko Dar, baba alifariki kwa kiharusi, kwahiyo presha ya mama siichezei.

Kilichotusaidia ni kuitoa dawa kwenye saa na kuiweka kwenye kitu anachofanya tayari. Mama hana habari na saa mbili asubuhi ila chai ya asubuhi haijawahi kumpita tangu nizaliwe. Kiboksi cha dawa chenye vyumba vya siku saba kinakaa ndani ya kabati la vikombe, kikombe hakitoki bila kukiona. Jumapili akitoka kanisani mjukuu anajaza cha wiki. Mtu akipita Alhamisi anaona chumba cha Jumatano kimejaa anajua, haina haja ya kumhoji kama mtoto mdogo. Mama anachukia sana kuhojiwa na ana haki.

Mashine tulinunua ya mkono, ya kufunga juu ya kiwiko, sio ya kifundo. Mama ana mkono mnene, mkanda wa kawaida ulikuwa unabana na kutoa namba kubwa, tukatafuta mkanda mpana, namba zikawa za kweli. Anapima siku mbili kwa wiki, anaandika kwenye daftari la mkulima, mjukuu ananitumia kwa meseji ya kawaida. Na huwa najibu. Hata kama ni 128/78 namjibu mama hongera, wiki hii uko vizuri. Nimegundua anapima ili nimjibu, na anameza ili namba iwe nzuri anitumie. Kwahiyo jamani mlioko mjini msitume hela ya dawa tu mkanyamaza.

Chumvi ndio vita vyetu. Yeye ni mtu wa dagaa wa kukaushwa na chumvi, na siku hizi kila mchuzi una kile kiungo cha mchemraba. WHO wanasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kimoja kwa vyote, ukijumlisha mkate na dagaa kijiko kimeisha hujagusa ugali. Tulimuachia dagaa wake, analoweka maji ya moto anamwaga mara mbili, ila kopo la chumvi mezani limeondoka na mchemraba umeondoka. Tungemkataza vyote angetukatalia vyote.

---

Kisauni_254

Salaam kutoka Mombasa. Nesi mimi ni CHP, mhudumu wa afya wa jamii, hawa wanaotembea nyumba kwa nyumba. Tangu Septemba 2023 serikali ilitupa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, sasa mgonjwa akikosa kliniki huwa naambiwa naenda kwake. Venye nimeona, yule aliyepotea mara nyingi anaona haya kurudi, amekosa miezi miwili anajua atasomewa. Ukimfuata nyumbani ukampima barazani, ukamwambia hapana neno, Jumatano njoo twende pamoja, anarudi. Akiachwa hivyohivyo harudi mpaka aanguke.

Pia kule Kibera Nairobi Madaktari Wasio na Mipaka waliwahi kuwa na vikundi, watu wa HIV ambao hali zao ni nzuri wanachanganywa na watu wa presha na sukari ambao ni imara, wanakutana kila baada ya miezi mitatu, wanapimwa, wanachukua dawa, wanaenda zao. Hakuna kupiga foleni siku nzima kwa ajili ya kidonge kilekile. Hata kwenu najua watu wa CTC, kliniki ya HIV, wameshazoea kupewa dawa za miezi kadhaa na wana wenzao wa kuwasindikiza, kwani huyu wa presha amekosa nini?

Swali kwa daktari, huku kwetu Ramadhani ikiingia nusu ya watu wanaacha. Wanasema hawawezi kumeza mchana.

---

Dkt_Mzee_wa_Wodi

@Kisauni_254 swali zuri. Dawa nyingi tunazotumia sasa ni mara moja kwa siku, kwahiyo anahamishia wakati wa kufuturu au daku na swaumu yake haiguswi. Wa mara mbili anapata futari na daku. Ya mkojo iwe futari, sio daku, asije akakaukiwa maji mchana. Ila mwambieni aje wiki mbili tatu kabla ya mwezi kuandama tupange nae, sio aanze kujipangia. Mwenye figo mbovu, moyo uliochoka, au presha ambayo bado iko juu sana aongee na daktari na pia na shehe wake kabla ya kufunga.

Na hapo kwenye CTC umegusa penyewe. Mwongozo wa WHO wa 2021 wenyewe unasema mgonjwa anayeanza au aliyebadilishiwa dawa aonekane kila mwezi, presha ikishakaa vizuri ni kila miezi mitatu hadi sita. Sisi tunawaita watu kila mwezi miaka kumi, nauli, foleni, siku ya shamba imepotea, halafu tunashangaa wanapotea.

---

Nesi_wa_Bonde

Jamani nashukuru mno, nimesoma yote mara mbili na nimempelekea mganga mfawidhi link.

Tumekubaliana kuanzia Jumatano hii wale ambao presha imekaa chini ya 140/90 mara tatu mfululizo tunawapa dawa za miezi miwili, tukiona zinatosha stoo tutaenda mitatu. Foleni ikipungua ntapata muda wa kukaa na wale ambao haijakaa, mlango umefungwa, mmojammoja, na swali langu ntaliuliza kama alivyosema daktari. Wanaume watakuwa kwa tabibu wetu wa kiume. Bango la kumeza siku ya kliniki nimeshaliandika kwa mkono. Na WAJA wetu wawili, wahudumu wa afya wa jamii, nimewapa majina ya waliopotea tangu mwaka jana, wataanza kupita, nimewaambia hakuna kumsomea mtu.

@Famasi_Moro naomba unisaidie hili moja. Zahanati za pembeni dawa ikikata mgonjwa anaandikiwa akanunue, anafika dukani anakuta ile hamna anapewa yoyote ya presha iliyopo. Nifanyeje?

---

Famasi_Moro

Mwandikie kwenye kadi jina halisi la dawa na miligramu, sio jina la kampuni, na chini yake andika mbadala uliokubaliwa na daktari wenu, mfano losatani ikikosekana apewe nini, au "asibadilishiwe arudi kituoni". Halafu mwambie aje na karatasi tupu ya ile iliyoisha, asitupe. Sisi tukiiona ile karatasi hatukosei. Na maduka ya hapo jirani pita mwenyewe siku moja ujitambulishe uwaachie namba ya kituo, mtu wa duka akiwa na namba ya nesi anapiga.

---

Masafa_Marefu

Nesi yule mama wa samaki mbadilishie dawa kwanza kabla ya bango.

---

Nesi_wa_Bonde

@Masafa_Marefu kesho asubuhi napita sokoni kwake, akija Jumatano daktari anamuona wa kwanza. @Famasi_Moro kadi naanza kuandika hivyo.